Spana Iliyobaki Handakini

Siku ile mjinga alikuwa yeye, fundi wa sumaku, na mwenyewe hakatai. Kila anayeshuka kwenye handaki la mashine ya kugonganisha protoni huchukua ufunguo mmoja ubaoni. Ufunguo mmoja ukikosekana, mashine haiwaki. Fundi wa sumaku alipanda juu, akautundika wake, ndipo akakumbuka spana. Mlango ulikuwa haujajifunga. "Dakika moja tu," akajisemea, akarudi chini bila ufunguo.

Mashine ikawashwa.

Hakufa. Alianza kuzunguka pamoja na protoni, mara elfu kumi na moja kwa sekunde, ovaroli lake limefungwa vifungo vyote. Simu za handakini zilimnasa vizuri, maana kila moja aliipitia mara nyingi mno hata sauti haikupata nafasi ya kukatika. Kitengo cha usalama kiliandika: mtu mmoja, ndani, mzima.

Kumtoa kulitaka mashine izimwe. Lakini watafiti walikuwa wakisaka kwaki-kilele, chembe nzito kuliko zote, zikizaliwa nne kwa mpigo. Zikizidi idadi iliyokokotolewa, basi ulimwenguni kuna kitu kipya ambacho bado hakijajulikana. "Tunakaribia, shemeji," mkuu wa utafiti alimwambia mke wa fundi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akamwambia vivyo hivyo.

Alhamisi moja ya mwaka wa tisa, mke aliingia chumba cha uendeshaji kama kawaida, akavuta kiti chake, akashika simu.

"Baba watoto, umekula?"

"Chai ya asubuhi ile bado imo tumboni. Huku saa hazisogei. Na mtoto wetu je, lile jino lake limeng'oka?"

"Anavaa viatu vyako sasa."

Fundi akahamisha mazungumzo.

"Mwambie mkuu spana nimeipata, asije akasema nimeiba. Na zile nne nimeziona, leo mara mbili." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mke wangu, nazunguka tu, ukuta ni huu huu."

Mkuu, aliyekuwa akisikiliza kando, akatikisa kichwa. Fundi si kipimo, anachokiona hakihesabiki.

"Izimeni basi hiyo mashine," mke akasema.

"Shemeji, nielewe. Jambo hili hutokea mara moja katika migongano trilioni saba. Tuzime, litupite?"

Mke akakirudisha kiti mahali pake, tayari kwa Alhamisi ijayo.

"Na huyu wangu, shemeji, hutokea mara ngapi?"