Hita ya Nini Huku?

Hivi nani aliwadanganya watu kwamba Usukumani hakuna baridi? Kuna ile mvua ya mwezi wa tatu inayoanza asubuhi na kukataa kuondoka. Siku hiyo ukimkuta mwanamume mzima amejikunyata kwenye kibaraza cha duka la mtu, mikono kwapani, wala usimuulize kitu. Sasa fikiria kifaranga aliyetotolewa jana!

Generosa, ambaye wengi walimwita Mama Eliya, alikuwa na maboksi manne ya vifaranga wa namna hiyo nyuma ya Noah yake. Aliwatoa Shinyanga mjini kuwapelekea kina mama wa kikundi cha ufugaji Kharumwa, na Kahama alikuwa ameshaiacha nyuma. Gari lile alilichagua kwa ajili ya vifaranga tu, kwa kuwa lina hita ya mbele na nyingine ya nyuma. Watu walimcheka, eti mwenzetu anajiandaa kuhamia Ulaya. Akawaacha wacheke.

Lakini safari hii alikuwa anaendesha roho mkononi. Vifaranga wa Desemba walifika wamesinzia, mabawa chini, na wiki haikuisha wengi wakawa wamekufa. Sesilia, mwenyekiti wa kikundi, alisimama mbele ya wenzake akasema bila kupepesa macho kwamba Mama Eliya ananunua makapi yaliyokataliwa na wengine, halafu anawabwagia wao kwa kuwa wako mbali. Generosa aliapa mpaka sauti ikakauka. Nani amsikilize? Wakampa nafasi moja ya mwisho. Hawa nao wakifa, kazi anapewa Magesa mwenye pikapu, na yeye atabaki na jina la tapeli.

Ndiyo maana kila baada ya mwendo kidogo alisimama kuwachungulia. Mara hii alifunua boksi la kwanza. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja, wanapandana, wanalia kile kilio kirefu ambacho mfugaji yeyote anakijua. Na hita alikuwa ameiwasha tangu alipotoka mjini! Akapeleka mkono kwenye tundu lake. Upepo ulikuwa unatoka, tena kwa nguvu zote, ila wa baridi tupu. Akazima feni. Vioo vikaingia ukungu papo hapo, barabara haionekani. Akaiwasha tena, akampigia simu fundi wake, Mayala, kijana wa gereji ya Shinyanga aliyekuwa akimtengenezea gari hilo tangu alinunue.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mayala, hita haitoi joto."

"Hita? Mama Eliya, umeiweka kwenye nyekundu lakini?"

"Mayala, mimi mtoto?"

"Basi angalia mshale wa joto la injini."

Mshale ulikuwa katikati, pale pale pa siku zote. Mayala akamwambia aangalie maji kwenye kile kichupa cha rejeta. Generosa akatoka mvuani, akafunua boneti, akaangalia, maji yalikuwepo. Akamwambia asikilize feni. Feni inalia, si anaisikia hata yeye huko Shinyanga? Akamwambia labda mvua imeingia kwenye swichi. Labda gari limechoka, alipumzishe. Vifaranga wanalia, kanga imemganda mgongoni, na kijana anamzungusha tu kama mtu anayefuatilia cheti ofisini.

"Mayala, hayo maji ya moto yanaingiaje kwenye hita?"

"Yanapita kwenye mipira, mama. Miwili. Inatoka kwenye injini inaingia kwenye ule ukuta wa ndani nyuma ya injini, na hita ya nyuma inachota hapo hapo."

Generosa akainama. Ukutani aliona midomo miwili ya bomba imetokeza, haina mpira, imezibwa kwa vitambaa vyeusi vya grisi. Mpira ulikuwepo, ndiyo, lakini mmoja tu. Umetoka kwenye injini, umekunjwa, ukarudishwa kwenye injini hiyo hiyo na kukazwa kwa kibano. Maji ya moto yalikuwa yanajizungukia mwenyewe. Hita haikuonja hata tone.

"Mayala. Nani amekata mipira yangu?"

Mayala akaanza kukohoa.

"Mayala!"

"Mama Eliya, pale nilikurahisishia tu. Mpira mmoja ulikuwa unavuja kidogo. Na magari yote ya huku tunafanya hivyo. Hita ya nini huku kwenye joto?"

"Lini?"

"Ile sevisi ya Novemba."

Novemba! Kwa hiyo wale wa Desemba walisafiri njia nzima wakipulizwa baridi, naye yuko mbele, kavaa sweta, anajisifu kwamba amewawashia joto. Akaapa mbele ya watu. Akaitwa tapeli. Na huyu bwana mdogo alikuwa anajua, na sasa hivi amemtembeza mvuani toka swichi mpaka feni akijifanya hamnazo! Akamwambia maneno ambayo Mama Eliya wa kwaya ya kanisa hajawahi kuyatamka. Mayala akajibu kwa unyonge kwamba alikuwa anamsaidia.

"Nilikuomba msaada? Nani kakuambia mimi sihitaji joto? Ungeniuliza! Mdomo huna?"

Kurudisha mipira pale barabarani haikuwezekana, iliyokatwa ilishatupwa. Generosa akakata simu, akaendesha pole pole, kioo kimoja wazi ili aone njia, mpaka kwenye kibanda cha chai. Mwenyewe, mama mmoja aitwaye Zipora, alikuwa na sufuria kubwa la maji jikoni. Alipoona maboksi hakuuliza hita ni nini. Aliweka pembeni majani ya chai aliyotaka kuyatia, akaita wateja wake watoe chupa tupu za maji, wakazijaza maji ya moto, wakazifunga kwa kanga na kuzipanga katikati ya vifaranga. Polepole kile kilio kirefu kikakatika, kikabaki kile cha chiu-chiu cha kawaida. Generosa alishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, akaingia barabarani. Mara mbili njiani alisimama kuomba maji mengine ya moto.

Kharumwa walimpokea na mvua yao. Sesilia alitoka mbio na gauni lililolowa, akafunua boksi la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Vifaranga wakachangamka, wanadonoa vidole vyake. Wakaingizwa bandani, penye jiko la mkaa. Sesilia akageukia wenzake.

"Mnaona? Akiamua kununua wazuri, anajua pa kuwapata."

Jamani! Generosa akawaeleza habari ya mipira, ya Mayala, ya Novemba. Mmoja wao, Rebeka, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Hita? Kharumwa hii? Mayo, mama yangu, si ungesema tu ulikosea!"

Generosa alifungua mlango wa nyuma.

"Sesilia, panda."

"Niende wapi?"

"Panda tu."

Akamkalisha pale pale walipokuwa vifaranga, na gauni lake lililolowa, akafunga mlango. Akawasha injini, akageuza hita mpaka mwisho wa nyekundu, feni juu kabisa. Kina mama wakasogea kuangalia. Sesilia alitabasamu kidogo, kisha akavuta kanga mabegani. Akakunja miguu. Akageukia ubavu wa gari kukwepa upepo, nao ukampata mgongoni.

"Zima basi, Mama Eliya."

"Bado hatujafika hata Kahama."

"Zima, nasikia baridi! Nitaumwa mimi."

"Wewe una gauni, una kanga, una miaka hamsini," alisema Generosa. "Wale walikuwa na siku moja."

Akazima. Sesilia akashuka, meno yanagongana, akasimama mbele ya wenzake walewale.

"Wale wa Desemba walikuwa wazima," akasema kwa sauti ndogo. "Hawakuwa makapi. Walikufa kwa baridi."

"Sema tena," alisema Generosa. "Rebeka aliyekuwa anacheka naye asikie."