Dakika za Garrigan

Siku ya kutetea tasnifu yake, Georgina Mgaya aliamka kabla ya jua. Miaka minne alikuwa ameimalizia Brussels kwa ajili ya jambo ambalo hata mama yake kule Iringa hakuwahi kulielewa: hoki ya barafuni. Tena si hii ya siku hizi ya kwenye televisheni. Ni ligi moja ndogo ya wachezaji wa kulipwa, iliyoishi misimu mitatu tu katika miji minne ya migodi ya shaba kaskazini mwa Kanada, ikafa mwaka 1907. Watu walipomuuliza Mtanzania na barafu wapi na wapi, aliwajibu kwamba ufadhili ndio uliopatikana. Na ufadhili huo ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Chuo kimoja Dodoma kilimwekea nafasi ya uhadhiri kwa sharti moja, arudi na shahada mkononi. Jopo lingekaa saa nane mchana.

Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Saint-Gilles kwa Maman Berthe, Mkongo wa Likasi, mhudumu katika nyumba ya wazee. Asubuhi hiyo Maman Berthe hakuwa na zamu. Alikuwa anampigia pasi gauni huku akimtaka amweleze hiyo kazi yake kwa Kiswahili, kuanzia mwanzo.

"Kama miye nasikia, bale baprofesa nao batasikia," alisema.

Georgina akaeleza. Kampuni za migodi zilikuwa zikiwaandika wachezaji kama vibarua, kumbe kazi yao ni kucheza tu.

"Ah, bon. Ni kama kwetu. Papa yangu alikuwa mu mugodi na bantu ba vile. Jina iko ku kazi, ye iko ku ballon, ku mpira."

Georgina akaendelea hadi kwenye mauaji. Februari 1907, kipindi cha pili kati ya viwili vya dakika thelathini, katika dakika ya ishirini, mchezaji aitwaye Pratt alipigwa gongo la kisogo, na kesho yake akafariki. Mashahidi watatu, wote wa mji wa marehemu, walimnyooshea kidole Garrigan wa timu ngeni. Garrigan aliapa kwamba wakati huo alikuwa amekaa kwenye benchi la adhabu, ametolewa nje kwa dakika tano. Hakuna aliyemwamini. Akafungwa miaka saba, miji ikawekeana visasi, na ligi ikafia hapo.

Mahakama haikumwita mtunza saa wa mechi, mhamiaji wa Kibelgiji ambaye baadaye alirudi kwao na daftari lake. Daftari hilo ndilo Georgina alilolikuta kwenye masanduku ya nyaraka hapa Brussels, na hakuna mtafiti aliyekuwa amelifungua kabla yake. Liliandika wazi: Garrigan, adhabu ya dakika tano, na pembeni namba kumi na mbili. Maana yake alitoka dakika ya kumi na mbili, akarudi ya kumi na saba. Dakika ya ishirini alikuwa barafuni, gongo mkononi. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili wa tasnifu ulisema hivyo bila kupepesa macho: Garrigan alisema uongo.

Kulikuwa na jambo ambalo Georgina hakumwambia Maman Berthe. Mwaka uliopita alipata barua pepe kutoka Kanada, kwa mwanamke aitwaye Claudine, mjukuu wa Garrigan. "Mama yangu ana miaka tisini na sita," aliandika. "Ni binti wa mwisho wa Garrigan. Anauliza kama umeona chochote kuhusu baba yake, kwa sababu baba yake aliapa hadi kufa kwamba alikuwa amekaa." Georgina alimjibu kwa mistari mitatu, kwa adabu zote, kwamba nyaraka hazikubaliani na kiapo hicho. Alijisikia mtafiti kwelikweli siku ile. Na leo Claudine angefuatilia utetezi kwa mtandao.

Maman Berthe aliweka pasi pembeni, akachukua karatasi iliyokuwa mezani, picha ya ukurasa wenyewe wa daftari.

"Huyu muntu anaanzia wapi? Naona juu ni vingt-sept, kisha vingt-deux, kisha douze, kisha cinq. Namba inashuka." Alizisoma kwa Kifaransa: ishirini na saba, ishirini na mbili, kumi na mbili, tano.

"Aliandika kutoka chini kwenda juu, Maman. Alikuwa na mazoea yake. Nimeeleza kwenye tanbihi."

"Nani anaandikaka kutoka chini?" Maman Berthe alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaiinua karatasi dirishani. "Angalia huku chini, mwana. Maandiko inabanana, inakuwa kadogo-kadogo. Muntu anabanaka maandiko wakati karatasi inamuishia. Donc ye alianzia juu, kama bantu bote."

Georgina aliisogelea. Miaka mitatu aliitazama picha ile, akaona kila kitu isipokuwa hicho. Mistari miwili ya chini ilikuwa imesongamana hadi ukingoni mwa karatasi.

"Miye ku kazi, dawa ya bazee, siandikake zenye banakunywa," Maman Berthe aliendelea taratibu. "Naandikaka zenye zinabakia. Huyu naye anaandika dakika zenye zinabakia. Kipindi ni trente? Alors, douze inabakia, dix-huit inapita."

Thelathini kutoa kumi na mbili: Garrigan alitoka dakika ya kumi na nane. Angerudi ya ishirini na tatu. Dakika ya ishirini, Pratt alipopigwa, Garrigan alikuwa amekaa.

Georgina akakaa kitandani. Baadaye alikumbuka kwamba hakumfikiria Garrigan kwanza. Alifikiria Dodoma, akajionea haya.

Alimpigia simu msimamizi wake, Profesa Arnaud, mwenye sahihi yake chini ya kila sura. Akamweleza yote.

"Tetea kilichoandikwa," akasema Profesa. "Hakuna atakayeuliza. Mwakani utasahihisha kwenye makala. Ukifungua mdomo leo, sura ya tano inaanguka, na siwezi kukudaka."

Maneno ya mtu mwenye akili, na Georgina aliyataka kwa moyo wote. Alivaa gauni, akapanda metro hadi Porte de Namur, akachukua basi la Chaussée d'Ixelles. Njia nzima alikuwa anajishawishi. Mtu amekufa zamani. Mwaka si mrefu. Hata mahakama ilikosea, sembuse yeye. Basi lilipofika kituo chake alikuwa ameshakubali kunyamaza, na alishuka akiwa mwepesi kabisa.

Ukumbini walikuwepo watu kama ishirini. Jopo la watano lilikuwa limekaa mbele, Arnaud akiwa pembeni, anachezea kalamu. Ukutani, kwenye skrini, ilionekana sura ya Claudine, mwanamke wa miaka sabini hivi, nywele nyeupe, amevaa nadhifu kana kwamba anakwenda kanisani. Huko kwake ilikuwa asubuhi. Alikuwa peke yake, na kitini kando yake hapakuwa na mtu.

Mwenyekiti wa jopo, mama mkali mwenye miwani ya mnyororo, alimpa dakika ishirini. Georgina alifungua mdomo, na ule wepesi wa kwenye basi ukamtoka wote. Angewezaje kulisema jina la Garrigan mbele ya mwanamke yule?

"Kabla sijaanza," alisema kwa Kifaransa. "Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili si kweli. Nimesoma daftari kinyume. Garrigan alikuwa kwenye benchi. Nimegundua leo asubuhi, na aliyeona si mimi, ni mwenye nyumba wangu."

Arnaud aliweka kalamu chini. Mwenyekiti alivua miwani.

"Unaelewa unachotuambia? Sura nzima imesimama juu ya ukurasa huo. Huenda leo tusiweze kukupa shahada."

"Naelewa."

Walimhoji saa nzima, bila huruma. Aliwaonyesha mistari iliyobanana, namba zinazoshuka, hesabu yenyewe. Mmoja alimuuliza miaka mitatu alikuwa anatazama nini. Kisha jopo likatoka kujadiliana, watu wakaenda kunyoosha miguu, na Georgina akabaki na skrini.

Claudine aliwasha kipaza sauti chake.

"Dakika gani?" aliuliza.

"Kutoka ya kumi na nane hadi ya ishirini na tatu. Alisema kweli, madame. Tangu mwanzo alisema kweli." Georgina aliisogelea skrini. "Tafadhali mwambie mama yako nilikosea. Mwambie anisamehe."

Claudine aligeukia kile kiti kitupu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Georgina.

"Tulimzika mwezi wa tatu," alisema. "Barua yako nilimsomea mimi. Niliisoma mara mbili, kwa sauti kubwa, kwa sababu alikuwa hasikii vizuri."