Mara ya Tatu Langoni

Katika mchezo ule wa zamani wa jukwaani, mama husimama langoni akimwita mwanawe anayehamia Amerika. Humwita mara tatu. Mwana hageuki, anaondoka. Mji wetu wote wa Bergen, huku Norwei, umekua ukiuona hivyo.

Mwaka huu mwana nilikuwa mimi. Mama akawa Ragnfrid, ambaye ni kiziwi na huzungumza kwa mikono. Penye wengi pana mengi: ataitaje huyo? Mimi nilikuwa na langu moyoni. Mama yangu mzazi tulimzika Aprili, na kila nilipofungua mlango nilitamani aniite "Eivind!" kutoka jikoni, hata kwa kunigombeza.

Ragnfrid alinipa jina la mikono, kama wafanyavyo viziwi kwa mtu waliyemkubali: kidole shavuni, kwenye kishimo changu.

Katika mazoezi nilimpa mgongo, nikasubiri. Kimya.

"Eivind, mbona umeganda?" akafoka Torunn, mwongozaji wetu. "Ameshakuita!"

"Nitajuaje? Nina macho kisogoni?"

Ragnfrid akacheka akishika mbavu. Mkalimani wake akaifuata mikono yake kwa sauti: "We kijana, kwetu aliyetupa mgongo tunampigia sakafu. Vua hivyo viatu vya maringo."

Nikavua. Akapiga mguu sakafuni, ubao ukanitetemesha hadi magotini. Nikageuka papo hapo kama mtoto aliyeitwa kula.

"Usigeuke!" Torunn akapiga kelele. "Ukigeuka hakuna mchezo!"

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Nilisimama pekupeku. Ubao ukatetemeka mara moja, nikajizuia. Mara ya pili, nikauma meno. Ya tatu ndiyo ilikuwa ishara yangu ya kuondoka, na haikuja. Nikaingoja kwa nyayo zote mbili. Ukumbi mzima ulikuwa unamwona mama, isipokuwa mimi.

Watu wa kwetu hata wakikalia msumari hawapigi kelele ukumbini. Lakini mzee mmoja wa mstari wa mbele alishindwa.

"Geuka, mwanangu! Si anakuita!"

Nikageuka.

Ragnfrid hakuwa amesahau. Alikuwa akiita kwa mikono, polepole, machozi yakimtoka. Jina lenyewe halikuwa la mwana wa kwenye mchezo. Kidole kilikuwa shavuni, kikirudi tena na tena.

Tangu Aprili hakuna aliyeniita kama mama amwitavyo mwanawe. Nililia mbele ya watu wote, wala sikuona haya.

Amerika ilibidi niende, ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Niliondoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, nisije nikampa mgongo kabla hajamaliza kuniita.