Mistari ya Chaki

Jamani, wivu! Ulimkamata Kijiti mchana kweupe, pasi mkononi, ndani ya duka la ushonaji la mama yake.

Zamani mama alikuwa anampima mmoja, anakata nguo za wawili. Kijiti na rafiki yake, msichana mwenzake, walilingana mabega, kiuno, kila kitu, ndiyo maana huyo rafiki akaitwa Pacha. Mwaka huu Pacha akaota kifua, akajaa nyonga, eti ndani ya likizo moja! Kijiti akabaki vilevile, ubao mtupu. Sasa utepe wa kupimia ulimzunguka Pacha peke yake, na mama anacheka: "Mwanangu, umbo kama hili ndilo raha ya fundi!"

Mwanangu! Kijiti nusura aunguze kola ya watu.

Mama alichora kitambaa cha gauni la Pacha la sherehe ya shule, akatoka kununua zipu. Roho ikamchemka Kijiti. Akaifuta mistari ya chaki, akaichora upya kwa ndani, vidole viwili kila upande. Mama aliporudi akakata bila kupima tena. Mstari wake mwenyewe hakuwahi kuutilia shaka.

Siku ya kujaribu, gauni liligoma kifuani. Pacha alivuta pumzi, akajibana, wapi! Kijiti alisubiri raha imjie. Haikuja. Mama aliinama, akasogeza uso mpaka karibu aguse mshono.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia Pacha. "Macho yameanza kunitupa mkono. Fundi asiyeona mstari anashona nini? Heri nifunge duka kabla sijaharibu vya watu."

Akaketi mbele ya cherehani, mikono mapajani. Kijiti hakuwahi kuiona mikono ile imekaa bure.

"Macho yako mazima, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyehamisha mistari. Nilimwonea wivu. Kila mtu anamtazama yeye tu."

 Pacha, bado kabanwa na lile gauni, akakunja mikono kuficha kifua.

"Ndiyo, wananitazama," akamwambia Kijiti. "Njiani, dukani, hata watu wazima na ndevu zao. Hapa tu ndipo nilipokuwa navua shati bila woga. Nilijua wewe hunitazami kama wao."