Namba Tatu ya Kasimiri

Masika yale uwanja wa chuo cha ufundi, kule Temeke, ulikuwa tope tupu, lakini mazoezi hayakusimama, maana waliokuwa wakianguka si viongozi. Viongozi walikaa barazani, miguu mikavu, wakipima nani atashika namba gani mvua ikikatika na mashindano ya vyuo yakifunguliwa. Wachezaji wengi wa zamani walikuwa wamemaliza masomo na kuondoka, wageni wameingia, na kila namba ilikodolewa macho na watu wawili watatu. Moja tu haikuwa na maneno. Namba tatu, beki ya kushoto, ilikuwa ya Kasimiri.

Kasimiri hakuwa mwanafunzi. Alikuwa akiranda mbao katika karakana ya chuo, mtu wa Ndanda, shule aliiachia darasa la pili, na timu ilichanganya wanafunzi na wafanyakazi. Namba ile aliipata kwa mguu wake wa kushoto. Ili abaki nayo alilipa kwa kitu kingine.

Mwaka uliopita, asubuhi ya mechi ya Pugu, mkewe Rosalia alizidiwa na uchungu wa uzazi. Kasimiri alimkimbilia Bwana Mwinshehe, mwenyekiti wa kamati ya michezo, ambaye ndiye pia aliyepanga timu, akaomba gari la chuo.

"Gari linapeleka timu," Mwinshehe akamwambia. "Panda, ukacheze. Tukishashuka tu, dereva anageuza kuja kumchukua mgonjwa. Timu ni ya wote, ndugu. Shida ya nyumbani ni ya mmoja."

Kasimiri akapanda. Gari halikugeuza. Lilisimama Pugu mpaka filimbi ya mwisho, kwa kuwa wakubwa hawakutaka kuhangaika na usafiri wa kurudi. Majirani wakamsukuma Rosalia kwa mkokoteni, akafia njiani, na mtoto tumboni.

Matangani Mwinshehe alimshika bega mbele za watu. "Kasimiri, namba tatu ni yako mpaka uichoke mwenyewe. Hilo ni neno la kamati."

Hakupewa kingine, wala hakuomba. Lakini neno lile alilishika kama mtu aliyeangukia kisimani anavyoshika kamba. Kila alipovaa jezi ile alijiambia kwamba Rosalia hakwenda bure. Walau kuna kitu kimoja duniani kilichowekwa mahali pake.

Basi masika hayo akaletewa Sultan, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mtoto wa mwenye duka wa Kinondoni, mwepesi, mwenye adabu, asiyejua kukaba hata kidogo.

"Mfundishe," Mwinshehe akasema. "Siku hizi mwenye ujuzi haulalii peke yake. Wewe nitakupandisha namba sita, mbele yake kidogo, mcheze pamoja. Tatu ikimshinda, inarudi kwako."

Anselmo, nahodha, ambaye alitoka kijiji kimoja na Kasimiri na ndiye aliyelishika jeneza la Rosalia upande wa kichwani, akaongeza, "Kubali, bwana. Sita utaiweza. Mie nipo."

Kasimiri akakubali, tena kwa moyo. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa uwanjani na Sultan.

"Usimtazame usoni, atakudanganya! Tazama kiuno. Kiuno hakijui uongo."

"Sawa, kaka Kasimiri. Na akinipita?"

"Akikupita umekwisha, nenda kauze tende kwa baba yako!"

Sultan akacheka, akainuka na matope yake, akarudia. Mpaka akajua.

Siku ya kugawa jezi mvua ilikuwa ya manyunyu. Ilikuwa desturi pale: unaitwa, unapewa jezi yako mbele ya wote, unaingia uwanjani kucheza na timu ya pili. Mwinshehe akaita. Tatu, Sultan. Watu wakapiga makofi. Kasimiri naye akapiga, akaisubiri sita. Sita, Anselmo.

Anselmo akaipokea akitazama chini, na Kasimiri akaelewa kwamba mwenzake alijua tangu mwanzo.

Zikaisha zote. "Na ndugu Kasimiri," Mwinshehe akasema, "tumempa heshima. Atakuwa mshauri wa mabeki." Mtu mmoja nyuma akachekea puani.

"Mwenyekiti," Kasimiri akasema, "uliniahidi matangani."

"Ndugu, ya msiba tusiyachanganye na mpira."

"Uliyachanganya wewe. Siku ya gari."

Mwinshehe akaikunja karatasi yake. "Ingieni uwanjani."

Wakaingia, na Kasimiri akaingia. Akavua shati lake la kazi, akasimama kifua wazi pale pale asimamapo namba tatu. Wakawa kumi na wawili upande mmoja. Refa akapuliza, akapuliza tena. Anselmo akaja mbio.

"Kasi, ndugu yangu, toka. Unajiaibisha."

"Wewe ulijua."

"Nilijua. Ningefanyaje? Ningesema, na mie ningekosa."

"Basi kacheze namba yako. Mie nipo kwenye yangu."

Sultan alikuja nyuma yake, jezi imemganda mwilini kwa mvua. "Shikamoo, kaka. Nisimame wapi?"

Kasimiri hakuitikia shikamoo ile. Alimtazama kijana, akamtazama Mwinshehe aliyekuwa amekwisha kurudi barazani. "Kamuulize aliyekuvika."

Ndipo wakubwa wakakata shauri, na kwa shauri kama hili hawakuhitaji kikao. Wakawahamishia wachezaji wote nusu nyingine ya uwanja, wakapanga mawe mawili yawe goli, mchezo ukaanza. Kasimiri akabaki peke yake upande wake, akililinda goli lisiloshambuliwa na mtu.

Mara moja mpira ulimponyoka mmoja, ukaserereka matopeni mpaka kwake. Akautuliza kwa kushoto, akaukanyaga.

"Lete, Kasi!" Anselmo akapiga kelele.

"Njooni mnipokonye!"

Hakwenda mtu. Walisimama, Sultan mikono kiunoni, mpaka Mwinshehe alipotoka stoo na mpira mwingine kwapani, mpya, wa manjano, ambao hakuna mchezaji aliyewahi kuambiwa kwamba upo. Akaurusha katikati. Wakaendelea.

Kasimiri akabaki na ule mkuukuu chini ya mguu, akimsikia Sultan akimfokea mwenzake: "Tazama kiuno! Kiuno!"