Kibuyu cha Pili

Kilele cha Wekunduni kilikuwa makazi ya wakubwa, wenye mashavu mekundu kama nyanya za sokoni, ilhali Bondeni, damu ilikokamuliwa, watu walitembea wakishikilia kuta. Mila ilikuwa moja: mkubwa akiugua, hata jino, huongezewa vibuyu viwili vya damu. Kimoja ni matusi, na mganga atakayempa kimoja hunyongwa. Nani aliianzisha? Hakuna ajuaye. Nasi tukazoea, maana binadamu huzoea hata moto.

Tabibu Raziya, mganga wa ikulu, hakuzoea. Mdogo wake alijifungua Bondeni, akavuja damu hadi akafa, kwa kuwa ghala la damu lilikuwa limemalizwa na vibuyu vya pili. Raziya akazunguka miji yote inayoongezea wagonjwa damu, akakusanya kila ushahidi, uliosifiwa na uliofichwa, bila kuchagua wa kumpendeza. Kisha akauchekecha. Mganga aliyelipwa ili asifu, kando. Aliyehesabu waliopona tu, kando. Waliobaki walikubaliana: kwa wagonjwa walio wengi, kimoja hufanya kazi ya viwili.

"Ushahidi huo hautoshi," alisema Mtukufu Fumbata, mtawala, huku akiongezewa cha pili kwa ajili ya mafua. "Kalete mwingine."

Akaleta.

"Mwingine."

Loo! Akaenda akarudi mpaka mvi zikamjaa, na Bondeni wakaendelea kuzika wazazi waliovuja damu. Inachosha hata kusimulia.

Siku ya sherehe ya utawala wake, Fumbata aliteleza kwenye ngazi za ikulu, na upanga wake wa dhahabu ukampasua paja. Ghala likafunguliwa. Kilibaki kibuyu kimoja.

Hakuna mganga aliyekigusa.

"Nipeni hicho," Fumbata alinong'ona. "Kimoja kinatosha."

"Mtukufu," mkuu wa waganga alijipapasa shingo, "hilo bado linangoja ushahidi."

Raziya akakibeba kibuyu. "Nitampa mimi. Mkitaka kuninyonga, ninyongeni."

Wakubwa wakatazamana. Akipona kwa kimoja, nani tena atapewa viwili?

"Mtukufu wetu hatatukanwa mbele yetu!" walisema, wakamzingira Fumbata bega kwa bega.

"Nipisheni, jamani," alisema Raziya. "Nimechoka."

Hawakumpisha. Kati ya viatu vyao damu ya Fumbata ikapenya, ikashuka ngazi moja baada ya nyingine, polepole, ikielekea Bondeni ilikotoka.