Kilimani Kumejaa

Jumanne asubuhi Sidonie alifika kwenye chumba cha maiti na shati jeupe, suruali nyeusi na kipande cha sabuni. Mumewe Gratien, mpakizi wa bandari ya Kalundu, alikuwa amekufa siku mbili kabla, gunia la saruji likiwa begani. Sidonie alipomaliza kumwosha na kumvika, Gratien aliketi, akafunga vifungo mwenyewe, akauliza atazikwa wapi.

"Bado hatujachagua," Sidonie alisema.

"Basi twende wote, Mama Noella. Ni miye nitaikala kule."

Mlinzi aliwafungulia mlango.

Walianzia kando ya mto, ambako wapakizi na wauza samaki huzikwa. Mafuriko ya Aprili yalikuwa yamekula ukingo. Wafu waliokosa mahali walikuwa wameketi juu ya mawe, miguu ndani ya maji. Shangazi yake Gratien, Apollinarie, aliyezikwa hapo mwaka uliotangulia, aliwasalimia huku akikamua kitenge chake.

"Usikuye huku, mutoto wangu. Muntu analala kidogo tu, mayi inamuamusha. Tunaomba watuhamishe, hakuna mwenye anasikia."

Wakapanda kilimani. Kule udongo ni mkavu, na serikali ya mji imejenga ukuta. Ndani yake kulikuwa na makaburi arobaini, yamechimbwa, yamepakwa saruji, yamewekwa vigae. Yote matupu. Sidonie alisoma majina kwenye vibao: mkuu wa ofisi ya makaburi, mkewe, watoto wao watano, halafu Mjukuu wa Kwanza, Mjukuu wa Pili, Mjukuu wa Tatu, na kuendelea.

Karani wa ofisi hiyo, kijana aliyeitwa Thierry, alimpa Gratien pole kwa kufiwa na nafsi yake, akakagua cheti cha kifo.

"Karatasi iko sawa, Papa. Lakini kilimani kumejaa."

"Kumejaa nani?" Sidonie aliuliza. "Sioni muntu hata mumoja."

"Iko rezerve, Mama. Imewekewa wenyewe."

"Ya mutoto mwenye hata hajazaliwa? Huyu amekufa! Saruji ya huu ukuta ilipita ku bega yake!"

"Siye miye niliandika majina," Thierry alisema, akagonga muhuri: MTONI.

Sidonie alikivamia kibao cha Mjukuu wa Tatu, akakivuta kwa mikono miwili hadi kucha zikavunjika. Hakikutikisika. Kilikuwa kimeshikwa na saruji nzuri.

"Wacha," Gratien alisema. "Nimechoka kusimama."

Alhamisi wakamzika mtoni. Shimo lilikuwa na maji, kwa hiyo Gratien alikunja suruali kabla ya kuingia katika sanduku. Katekista aliomba kwa haraka.

Siku tisa baadaye mvua kubwa ilinyesha milimani, mto ukafurika. Asubuhi Gratien alirudi nyumbani, mtaa wa Songo, yeye na Apollinarie na wengine sita, wote wameloa. Binti wa Sidonie, Noella, aliwatandikia mikeka. Sidonie akaanika vitenge na mashati yao. Hasira yake haikuwa ya kuwamwagia wageni.

Jumatatu ikaja barua ya ofisi ya makaburi. Sidonie alikuwa anaitwa kujieleza kwa kuhifadhi wafu katika mtaa wa makazi bila kibali. Akawasomea yote, mpaka sahihi.

"Inasema watatuhamisha lini?" Apollinarie aliuliza.

Sidonie akaigeuza barua. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Akaisokota, akawashia makaa, maana nyumbani walikuwa watu kumi na hakuna aliyekuwa amekula.